Kipande cha Kwanza

Bi Heloísa alipiga simu saa nne usiku,
nimeshavua viatu.
"Neusa, watoto thelathini. Tuwape nini?"

Mwaka wa kumi na moja huu nakaanga kwa sherehe za wana wa wenzangu.
Hapa Contagem sidhani yupo mtoto wa miaka saba
asiyewahi kulamba kazi ya vidole vyangu.
Nikamtajia hesabu ninayoijua kama sala:
kila kichwa, vya chumvi vinane, vitamu vinne,
na wazazi uwahesabu mara mbili,
maana baba anayesema "mimi sili, nimemleta mtoto tu"
ndiye atakayeota mizizi mlangoni pa jikoni.

Akataka karoti, zikatwe vijiti, zisimamishwe kwenye glasi.
Akataka tikiti maji lenye umbo la nyota.
Akataka keki isiyo na sukari, isiyo na ngano, isiyo na mayai.
Ulimi uliniwasha kumuuliza: sasa itakuwa na nini, dua?
Nikaumeza. Kodi ya nyumba haijui utani.

Koshinya nilizianza alfajiri ya Jumamosi.
Unga unapikwa kwa supu ya kuku mpaka ubanduke sufuriani,
unaushika ungali unachoma,
unautoboa kwa dole gumba, unaujaza kuku aliyechambuliwa,
unaufunga kwa ncha juu,
kama chozi lililoghairi kudondoka.
Mia tatu.
Ukishapita mia na hamsini mikono haiumi tena,
inawaza mambo yake.

Watoto wakaingia kama mvua ya mawe juu ya mabati.
Karoti zilisimama. Zilisimama mpaka jioni,
gwaride ambalo mgeni rasmi hakutokea.
Msichana mmoja alichomoa kijiti, akapigia puto.
Brigadeiro ziliibwa kabla ya mishumaa, kama kawaida;
siku nitakayoikuta meza nzima mpaka wimbo uishe
nitaita daktari.

Kisha keki. Huku kwetu kisu kikishashuka
mtoto humpa kipande cha kwanza ampendaye kuliko wote,
mbele za watu.
Ni ukatili, na hakuna anayethubutu kuuacha.
Baba mtu alikuja na mke mpya. Bibi alijisogeza mbele.
Bi Heloísa alitabasamu kwa meno yote,
vidole vimeng'ang'ania kitambaa cha meza.
Otávio akakitazama kipande, akawatazama wao,
akakila mwenyewe,
wima, krimu hadi puani.
Watu wakacheka kuliko ilivyohitajika.
Mimi nikarudi kwenye mafuta yangu. Ana akili mtoto yule.

Jumanne iliyofuata, Kauã wangu alitimiza miaka tisa.
"Nikupikie nini? Sema chochote."
"Chochote, mama, ila koshinya."
Mla ni mla leo, sawa,
lakini huyu amezila jana, juzi na mwaka juzi:
zilizopasuka, zilizopinda, zilizorudi na sinia.
Alitaka mkate wa dukani, soseji kwenye mchuzi wa nyanya,
viazi vyembamba kama nyuzi vikinyunyizwa juu,
na guarana ya chupa kubwa,
mtu ajimiminie mwenyewe mpaka povu limwagike.

Wakaja watoto watano na mbwa wa jirani.
Nilifungua pakiti, nikachemsha. Dakika kumi.
Kisha nikakaa.
Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa kwenye sherehe.

Keki ilikuwa ya boksi, imelalia upande.
Kauã akakata kipande cha kwanza, akakizungusha juu ya vichwa,
nami nikainama, eti naokota leso,
maana nilimwona Bi Heloísa siku ile
na sikutaka uso wangu uonekane hivyo.
Nikasikia sahani imetua mapajani mwangu.
Hakusema neno. Alishageuka.

Cha pili alimpa mbwa,
na kwa jinsi nilivyoona mimi
cha mbwa kilikuwa kikubwa zaidi.